Soda Nyeupe

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Natumaini kazi haijakumaliza na kile kifua kimepona. Mimi mzima, isipokuwa kiuno, na kiuno changu unakijua, kinapenda kulalamika kuliko mwenyewe. Cherehani inazunguka. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani.

Nina ombi dogo. Ile kahawa baridi mnayowauzia watu hapo mgahawani, yenye barafu na povu juu, nitumie namna ya kuitengeneza nyumbani. Andika yote, usiruke kitu. La muhimu itoe povu, na ikimiminwa isikike. Joto limezidi, na wateja wanaosubiri kupimwa wananitia huruma.

Usinipigie simu. Simu ina masikio mengi. Andika.

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kifua kimepona, ahsante. Kiuno nacho kipe pole yangu.

Ombi lako nimelisoma mara mbili. Wewe? Kahawa? Wewe ambaye ukiinusa tu unakesha? Na wateja umeanza lini kuwahurumia? Mimi nimekulia kwenye chumba hicho. Mteja akiomba maji unamwelekeza nyumba ya pili.

Haya, andika. Pika kahawa nzito, vijiko vitatu vilivyojaa kwa kikombe kimoja cha maji. Ichuje, koroga sukari ingali moto, maana ikishapoa sukari itakaa chini na kukucheka. Iweke kwenye friji mpaka iwe baridi kabisa. Chukua glasi ndefu, jaza barafu, tia soda nyeupe, kisha mimina kahawa polepole juu ya mgongo wa kijiko, la sivyo itafurika. Malizia na limau kidogo.

Sasa niambie ni ya nani.

Mwanao

27 Machi

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Ulitaka kuniua?

Nimefuata kila neno. Nikatia soda nyeupe vijiko viwili, nikamimina kahawa, nikakamua limau. Kitu kile kiliinuka, mwanangu! Kikatoka kwenye glasi, kikatambaa mezani, kikalowesha sketi tatu za watu ambazo nilikwisha kuzipinda. Kilichobaki tukaonja. Sabuni tupu. Tulitema sote wawili kwenye ndoo moja.

Nimekaa nikiwaza. Umelelewa humu, na humu soda nyeupe ni ile ya kopo ya kulainishia maharage. Hukusahau. Umenikomoa kwa sababu hukuambiwa kahawa ni ya nani. Kama una neno na mimi liseme, usilipitishe tumboni mwangu.

Shangazi yako, ambaye bado anacheua

5 Aprili

Shikamoo Shangazi, na unisamehe,

Nimecheka mpaka msimamizi akaniuliza kama nina homa. Naapa sikukusudia. Hapa kazini soda nyeupe ni maji ya chupa yenye gesi, yasiyo na sukari wala rangi. Miaka sita huku imenisahaulisha maneno ya nyumbani. Nunua chupa, ipoze, na uifungue dakika ileile unayomimina. Jaza nusu glasi tu.

Lakini "sote wawili" ni wewe na nani? Umepata mchumba? Kama ni hivyo sema, nitafurahi, na glasi nzuri nitakuletea mimi. Ila mchumba hafichwi mtoto uliyemlea. Njia ya mwongo ni fupi, na aliyenifundisha hivyo ni wewe.

Julai nina likizo na nataka kuja. Nataka pia kujua nitamkuta nani.

Mwanao

19 Aprili

Mwanangu mpelelezi,

Hujambo? Sisi hatujambo.

Imekubali! Chupa ilipofunguliwa ilisema "tss," povu likapanda taratibu, rangi ya ngozi ya mtoto mchanga, likasimama pale pale ukingoni. Nilipiga vigelegele peke yangu. Sasa kila siku saa kumi na moja jioni lazima.

Mchumba! Kwa kiuno hiki? Huyo wa pili ni fundi redio wa ng'ambo ya barabara, hupita kuazima mkasi. Acha kunichunguza kama askari wa forodha.

Na wewe na ujuzi wako hukuniambia kwamba ukitia chembe za chumvi kwenye kahawa ingali moto, ule ukali unakwisha. Tumeyagundua wenyewe.

Shangazi yako

25 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Fundi redio alihama mwaka jana. Uliniandikia wewe.

Anayetia chumvi kwenye kahawa namjua mmoja tu duniani. Siku tuliyomzika mama alifika kaburi limeshafunikwa, akiimba, amemshika mlevi mwenzake begani. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulinishika mkono, ukamwambia mbele ya watu wote kwamba mlangoni kwako hatapita maadamu mimi napaita kwangu.

Baba yuko hapo. Amelala kitanda gani, changu?

Nijibu ndiyo au hapana. Kama ni ndiyo, Julai sijui nitakwenda wapi, ila huko siji.

Mwanao

9 Mei

Mwanangu,

Ndiyo. Na kitanda ni chako.

Nimekukosea. Ningekuambia mwanzoni ungenichukia siku moja yakaisha. Sasa nimekupa miezi ya kunichukia.

Alikuja mwezi wa pili, mifupa na koti. Nilimsimamisha kizingitini nikikumbuka kiapo changu. Ni kaka yangu, tulinyonya ziwa moja. Aliniambia ameacha pombe siku tisa. Nikacheka, maana siku tisa hata mbuzi anaweza. Leo ni ya tisini na tano.

Saa kumi na moja jioni ndiyo saa yake mbaya. Mikono inatafuta glasi mezani kama kipofu. Maji hayataki, chai haitaki. Anasema anataka kitu chenye sauti. Ndipo nikakumbuka barua yako ya zamani kuhusu ile kahawa. Nilimwambia nimeisikia redioni, kwa kuwa angejua imetoka kwako asingeigusa kwa aibu.

Usidhani nimekuwa mjinga. Hata mimi namshuku. Akiweka glasi chini naichukua naenda jikoni naisogeza puani. Nageuza godoro lako kila Jumamosi nikitafuta chupa. Namtuma dukani nahesabu dakika. Moyo wangu haujapumzika tangu aingie, na bado siwezi kumtoa. Nifanyeje?

Shangazi yako

11 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mwezi umepita hujaandika. Kila anayebisha hodi nadhani ni barua.

Juzi nilichoka kudanganya watu wawili kwa wakati mmoja. Alikuwa ameishika glasi mkononi nikamwambia, "Hiyo haikutoka redioni. Imetoka kwa binti yako." Aliiweka chini bila kunywa, akavaa koti, akatoka. Nilijua basi, tumemaliza. Nilikaa kwenye cherehani nikashona mguu wa suruali ukazibika kabisa, usingepitisha hata fimbo.

Alirudi jua linazama. Nilimsogelea karibu kuliko heshima inavyoruhusu, nikanusa. Jasho tu. Alikuwa amezunguka mji mzima kwa miguu. Akakaa, akaniuliza, "Yeye anakunywa na sukari kiasi gani?"

Nikafungua mdomo nikaona sijui. Nimekulea miaka yote hiyo na sijui. Tuandikie hilo tu, hata kama hutaandika jingine.

Shangazi yako

24 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijambo.

Sijui nami. Naitengeneza glasi arobaini kwa siku na sijawahi kuinywa hata moja. Naonja kwa kijiko, natema, kama tulivyofundishwa, na wenzangu wanadhani mimi ni mwangalifu sana wa kazi. Si hivyo. Tangu makaburini nimekuwa nikijishuku. Kila kitu kinachonoga nakiacha kabla sijakipenda, nikiogopa koo langu ni la baba. Hata wewe nilikuacha nikaja huku mbali. Mtu anayegeuza magodoro si wewe peke yako.

Simwamini bado. Mwambie hivyo, usinipambie maneno.

Nafika Jumamosi ya kwanza ya Julai, saa kumi jioni. Nitalala chini, kwenye chumba chako. Wewe usiingie jikoni. Anitengenezee yeye, sukari aweke anavyoona, nami nitainywa yote.

Mwanao