Karatasi Aliyoichomoa Dalmas

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu kifo cha Dalmas Ogola
Kisumu, 12 Machi 1957

Jina: Perez Apiyo. Umri: miaka thelathini hivi, mama alisema nilizaliwa mwaka wa nzige. Kazi: kuuza dagaa wa omena. Makao: Mamboleo.

Mimi ni mke wa marehemu. Nasema niliyoyaona kwa macho yangu, si ya kuambiwa.

Dalmas alikuwa akibeba marobota katika kiwanda cha pamba cha Bwana Tarlochan. Tangu biashara ianguke mwaka jana, kazi ni haba na watu ni tele. Kila asubuhi nyapara Walubengo hukunja vikaratasi na kuvitia katika kofia yake. Kila mtu anafumba macho, anachomoa kimoja. Chenye alama, unaingia kazini. Kitupu, unarudi nyumbani. Huko ndiko kupiga kura tulikokujua sisi. Dalmas hakuwa amechomoa alama tangu kabla ya Krismasi. Tulikuwa tunalala njaa, sifichi.

Mnamo tarehe 7 Machi gari la kipaza sauti lilipita Mamboleo likitangaza kwamba Jumamosi ni kupiga kura shuleni, na tukipiga vizuri kazi zitarudi. Dalmas alifurahi sana. Aliniambia, "Nyar Asembo, hii kura ni ya serikali. Walubengo hayuko." Aliniita hivyo kwa sababu kwetu ni Asembo. Hakuna aliyetuambia kwamba ni ya wenye kadi ya kupigia kura tu.

Tarehe 9 tulifika shuleni saa moja asubuhi. Alipanga foleni nyuma ya mwalimu mmoja, Gordon. Mimi nilisimama nje, dirishani. Zamu yake ilipofika, karani alimwomba kadi. Dalmas hakuelewa. Aliona karatasi zimepangwa mezani, akafumba macho, akachomoa moja. Alipoitazama akapiga kelele, "Nyar Asembo! Iko na alama! Kazi napata!"

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kwa furaha. Alikuwa anakimbilia mlangoni kunionyesha, askari mmoja akasema, "Mwizi wa kura!" na kumpiga rungu kichwani. Mwalimu Gordon alisema, "Mwache, bwana, hajui." Dalmas alikuwa ameshaanguka.

Njiani kwenda hospitali mwalimu alinieleza kwamba karatasi zote zilikuwa na alama, picha za wale wanaotaka kiti. Nilimwomba asimwambie Dalmas.

Jumapili jioni Dalmas alizinduka. Aliuliza kama karatasi ninayo. Nilisema ninayo, ingawa askari walikuwa wameichukua. Akasema, "Kesho uniamshe mapema, nisichelewe kazi." Nikamwambia, "Nitakuamsha, Baba Awino." Alfajiri nilimwita kama alivyoniagiza. Alikuwa ameshapoa.

Nasikia mnataka kuandika kwamba aliiba. Mwizi huficha alichoiba. Dalmas aliinua karatasi juu ya kichwa, ukumbi mzima ukaiona. Mimi nina uchungu, bwana, lakini sijapotewa na akili.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Nimesomewa nami nimeyakubali.

Dole gumba la shahidi: Perez Apiyo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili. Baada ya kutia dole, shahidi ameomba apewe karatasi hiyo amzike nayo mumewe. Nimemjibu kwamba ni kielelezo, haiwezi kutolewa. Ameomba tena. Nimemjibu vilevile.

Koplo Waliaula