Mstari wa Tatu wa Masika

Mwalimu Thembo,

Tangu tukuzike Bwera ni miezi mitano. Darasa lako la jioni limefungwa, nami siku hizi nafundisha Kiswahili Kasese. Juzi mkeo alinipa kazi: shairi la Masika lichongwe kwenye kaburi lako, na mimi nilipeleke kwa fundi wa mawe, kule Rukoki.

La Masika. Si langu.

Masika, muuza samaki yule wa Butembo, aliyeingia darasani kanga yake inanuka makayabo, samaki wa chumvi. "Mizani sijue, Mwalimu. Naandikaka tu." Nawe ukacheka mpaka ukavua miwani. Yangu uliyaandikia "sawa" kwa wino mwekundu, miaka mitatu.

Hili hapa, alilisoma matangani:

Mwalimu umenyamaza,
ubao unauliza,
nani ataufuta?
Mwalimu wangu u wapi?

Nimelihesabu kwa vidole, kama ulivyonifundisha. Mizani nane, nane, halafu saba. Kina cha -za kimekatika mstari wa tatu. "Mwalimu" amelirudia, na mimi ungeniambia nitafute neno jingine. Bado watu walilia. Langu lilikuwa na beti kumi na mbili, zote zimetimia, na watu wakageuka kutazama kama chakula kimeiva.

Kinachoniuma zaidi, aliyekuwa akifuta ubao ule ni mimi. Kila jioni, Mwalimu, na sikuwahi kuuona.

Basi nikamsahihisha. "Nani atanieleza." Nane, na kina kimekaa. Nikaenda Rukoki na karatasi mbili mkobani, nikampa fundi ile niliyoisahihisha. Alisoma, akauliza herufi ziwe kubwa kiasi gani. Sijui kwa nini nikampa na ya Masika. Alisoma, akaweka penseli chini.

"Huyu mwalimu alikuwa mutu ya namna gani?"

Nilimweleza mpaka chai yake ikapoa. Nilipoondoka nilimwachia ya Masika, na saba zake.

Wivu bado ninao, sitakudanganya. Ulimpenda kuliko mimi, na nilijua. Lakini Jumatatu nitaliandika ubaoni kwa wanafunzi wangu, na chini yake jina la Masika, kwa herufi za kusomeka.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Nakuahidi ule mstari wa tatu sitaugusa, hata siku nitakayokuja kaburini peke yangu, na patasi mkononi.

Biira