Ushuhuda Ulikuwa Wangu

Jumamosi, 8 Juni 1968

Gakenia ameniibia. Sijui neno jingine.

Mchana tulikuwa ukumbini shuleni kwa ushuhuda, kama kila Jumamosi. Msichana anasimama, anataja jina lake, anaeleza alivyookoka, anaketi, na Dorca anaanzisha wimbo. Anayeokoka, mzazi wake huitwa aje asikie. Mama yake Dorca alisafiri kutoka Muhoroni kuja kumsikia.

Leo akasimama Gakenia. "Mimi ni Gakenia wa Mathenge. Sijaokoka, wala sidhani yuko wa kuniokoa."

Akaendelea kwa utulivu. Palikuwa na kiangazi. Watu wakafunga, wakaomba mvua. Mvua ikaja, ziwa likapanda, likachukua nyumba ya nyanya pamoja na mbuzi wake. Basi ni nani aliyeyajibu maombi yale? Akaketi.

Na Dorca — kwa mazoea tu! — akaanzisha wimbo. Tuliimba na kupiga makofi mpaka ubeti wa pili, ndipo tukakumbuka kilichosemwa. Sauti zikafa mojamoja.

Wote walimtazama Gakenia. Lakini ile ni nyumba ya nyanya yangu, kule Nyakach! Mbuzi ni wa nyanya yangu. Swali ni langu, nimelibeba tangu nikiwa mdogo, nikamwambia yeye peke yake, tukiwa tumeketi juu ya mawe pale Dunga, kando ya ziwa. Alisema atalitunza.

Jumapili, 9 Juni

Nimetembea na Mama na kanisa lake mpaka Kisian. Kanzu nyeupe, misalaba myekundu, bendera, ngoma. Watu wa barabarani walisimama kututazama. Mama huimba kwa mwili mzima. Mimi nilibeba chupa ya maji, midomo ikicheza bila sauti.

Nawaonea wivu. Mtu asiyeamini ana nini? Hana rangi yake, hana wimbo. Hata kitambaa cha kichwa hana.

Jumanne, 11 Juni

Nimemkabili Gakenia nyuma ya maabara. Nilimwambia kwamba jambo kama hili mtu hukaa nalo moyoni. Mwenye samaki ndiye hutangaza. Nani hupita sokoni akilia kwamba hana samaki?

Akacheka. Akasema, hulia yule anayeona wenzake wamepiga foleni bure. Tena baba yake husema duka lisilo na bango, hata lijae sukari mpaka darini, watu hulipita. Atabandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: wasioamini wakutane Jumatano, chini ya ngazi.

Nikamuuliza, na nyumba ya nyanya yangu je?

Aliinama akakunja soksi yake. "Awuor, kwako ilikuwa inakaa bure."

Inakaa bure! Nimeshindwa kula ugali wa mchana.

Alhamisi, 13 Juni

Karatasi ilibandikwa asubuhi. Kufika saa ya chai, haipo. Lakini wasichana wa kidato cha kwanza walishaisoma, sasa wanamfuata kama vifaranga. Hata anavyokunja soksi wameiga. Mimi nakunja hivyo tangu mwaka jana.

Ijumaa, 14 Juni

Mwalimu Mkuu hakukasirika kwa sababu Gakenia haamini. Alisema shaka ni kama surua, mtoto hupona. Aliona kosa jingine. Mzee Mathenge ni mtu wa Nyeri, na mama yake anakaa huko milimani. Nyumba gani basi ilichukuliwa na ziwa? Kesho Gakenia akiri mbele yetu sote kwamba alisema uongo. La sivyo, arudi kwao.

Darasani Dorca alimuuliza, "Dada, ziwa hilo lilipanda Nyeri kwa miguu ama kwa treni?" Wakacheka mpaka wakalala juu ya madawati.

Gakenia hakunitaja.

Kwanza nilifurahi. Aibu ilikuja baadaye, na haikuja haraka.

Nikisema nyumba ni yetu, watajua na swali lilitoka wapi. Mama atajua.

Jumamosi, 15 Juni

Aliitwa mbele. Akasema, "Nyumba ilikuwepo." Akaulizwa ni ya nani. Alitazama dirishani, si kwangu.

Nikasimama. Sitajidanganya humu — si huruma peke yake iliyoniinua. Nilitaka wajue ni yangu.

Nikasema, "Mwalimu, ushuhuda ule..." na machozi yakanitoka. Machozi, saa ile!

Mwalimu Mkuu alinijia mikono wazi. Akawaambia wote kwamba Roho amenigusa kwa kosa la mwenzangu. Dorca akaanzisha wimbo. Nilisema tena na tena kwamba nyumba ni yetu, sikusikika, makofi yalikuwa mengi. Mwalimu Mkuu akanikumbatia, akasema nitashuhudia vizuri Jumamosi ijayo, mama yangu akiwepo. Habari ya Gakenia nayo ingoje siku hiyo.

Mlangoni Gakenia alinipita karibu sana. "Umepata bango kubwa kuliko langu," alisema.

Jumapili, 16 Juni

Mama alikuwa amesikia kabla sijavua viatu. Yeye si wa misheni ya shule yetu, lakini kuokoka ni kuokoka, anasema. Amealika kanisa lake lote. Watakuja na ngoma mpaka lango la shule!

Amenunua kitambaa cheupe cha kunishonea kanzu. Alinisimamisha katikati ya chumba, akanipima mabega, pini zikiwa mdomoni. Sijawahi kumwona akifurahi hivi kwa ajili yangu.

"Usisahau nyumba ya nyanya yako," alisema. "Uwaeleze jinsi Mungu alivyomtoa mama yangu katika maji yale."

Nikamwambia, "Nyumba nitaisema, Mama."

Akanibusu kichwani, na pini zake mdomoni.

Nyumba nitaisema. Nimeandika mwanzo kwenye karatasi: Mimi ni Awuor wa Milka. Hapo nimekwama tangu saa nane. Mama ananiita tena. Mkono wa kushoto bado haujapimwa.