Beti Ambazo Kwaya Haiziimbi

Penrith, Sydney
Alhamisi, 19 Juni. Asubuhi ya ukungu. Umande umeganda juu ya nyasi za uani.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nieleze kifua kinaendeleaje, na kama Mama anaitumia ile dawa ya macho au ameificha kabatini kama ya mwanzo. Mimi ni mzima. Kazi ya kuhudumia wazee kule Westmead inaendelea, na baridi ni kali.

Uliniuliza habari za kwaya. Kanisa lile huimba ibada ya jioni kama Waingereza walivyoiimba kabla hawajaacha Kilatini, karibu miaka mia tano iliyopita. Kinanda chao ni cha mabomba, kidogo, cha kupigwa kwa mikono tu. Mwimbaji mgeni husikilizwa katika ibada moja ndipo apokelewe. Yangu ilikuwa Jumapili. Nilikosa mazoezi ya mwisho kwa sababu ya zamu, nikajifunza wimbo nyumbani kwenye karatasi, beti zote.

Kinanda kilitangulia peke yake. Kwaya ikaingia na ubeti wa pili. Nikadhani wameuruka wa kwanza ili kufupisha. Tulipofika wa tatu, kinanda kikaendelea na watu wote wakanyamaza. Mwalimu wa kwaya, mama mmoja aitwaye Helen, alikuwa ameinamisha kichwa. Nikajua wamepotea. Wewe ulitufundisha kwamba kwaya ikinyamaza, mmoja audake wimbo mpaka wengine warudi. Nikaudaka, kwa sauti ya juu, ubeti mzima. Hakurudi mtu. Wanjiru, muuguzi Mkenya aliyenipeleka pale, alinikanyaga mguu. Nikadhani ananitia moyo.

Nje akanivuta pembeni. "Sista, hiyo solo ni nani alikupatia?"

"Si mlikuwa mmepotea?"

"Wapi! Hapo ni zamu ya kinanda. Sisi hunyamaza tu." Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Helen hakucheka. Alinieleza kwamba zamani zile ubeti mmoja ulikuwa wa kinanda na unaofuata wa waimbaji, na ule wa kinanda hauhesabiwi kuwa umerukwa: kila mtu huyasema maneno yake moyoni wakati kinanda kinalia. "Sauti yako nimeisikia," alisema. "Njoo Jumatano nisikie ukimya wako."

Kwa hiyo sikupokelewa wala sikukataliwa. Siku tatu hizo sikuwa na raha wala usingizi. Ukiondoa kazini na chumbani, hapa sina pengine pa kwenda ambapo mtu angeuliza mbona sikufika.

Jana nilisimama mstari wa pili. Zamu ya kinanda ilipofika nilifunga mdomo, nikajaribu kuyasema maneno moyoni. Kilatini kilinikimbia. Yakaja ya Kiswahili, yale ya sala yetu baada ya chakula cha jioni, pamoja na sauti ya Mama akiwahimiza wadogo wafumbe macho. Kinanda kikamaliza, nikaingia sawasawa na wenzangu.

Hakuna aliyeuliza nilisali kwa lugha gani. Helen alikwenda kabatini akaniletea joho la kwaya. Ni refu, nitalipinda.

Nisalimie Mama, kaka Elia na wifi yangu, na shangazi anayekuchemshia uji asubuhi. Mwambie asiutie sukari nyingi.

Ni mimi binti yako,
Neema

Jana usiku nilipata usingizi mapema, saa nne kasoro robo.