Kipochi cha Mama Kinarudi Kwako

Kitalu cha Miche cha Mwai,
S.L.P. 318,
Karatina.

9 Novemba 2024.

Mpendwa Tata Karwitha, dada yake mama yetu,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi kutoka huku Karatina, ambako mvua imeanza vizuri na Mlima unajionyesha asubuhi tu, kisha unajifunika kama bibi arusi. Hujambo, Tata? Lile goti lililokusumbua wakati wa baridi linaendeleaje? Na Mjomba Koome je, mbuzi wake wamepata nyasi huko Doldol, au bado anawafuata mbali? Sisi huku tu wazima. Mimi ni zaidi ya mzima. Mimi ni mke wa mtu, Tata! Nikiandika jina langu jipya bado natabasamu peke yangu, kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani.

Nivumilie nikuambie kidogo juu ya Mwai. Kuna mche wa parachichi mlangoni mwa kitalu chetu, mrefu, wenye majani yanayong'aa. Ameuwekea kibao: KATHAMBI, SI WA KUUZWA. Wateja humbembeleza awauzie huohuo. Yeye hucheka na kuwaambia huo umeshalipiwa mahari. Siku ya kwanza nilipokisoma kibao hicho niliingia jikoni nikajifanya napepeta mchele, maana uso wangu haukuwa wa kuonyeshwa watu.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nichukue kalamu. Ungeweza kusema, si Kathambi apige simu? Lakini simu za Doldol hukatika katikati ya neno, na hili sitaki likatike. Barua hii utaikuta juu kabisa ndani ya kipochi cha vipodozi cha marehemu mama. Nimempa jirani yetu Simeon akuletee, kwa kuwa anakuja huko kununua mbuzi. Uliniagiza nikitume kabla ya ruracio, sherehe ya mahari, ya Kagwiria mwezi ujao, ili umpambe mdogo wangu kama ulivyonipamba mimi. Ndicho hicho mkononi mwako. Ila nakuomba, Tata, usifungue zipu ya ndani kabla hujamaliza kusoma.

Unaikumbuka asubuhi ya ruracio yangu kule Nkubu mwezi wa nane. Ulinikalisha kwenye kigoda, ukanipaka wanja wa mama, poda ya mama, rangi ya mdomo ya mama, na mwisho ukaninyunyizia manukato yake shingoni. "Tulia, Kathambi," ukaniambia. "Mama yako anakupamba." Mimi nilikuwa nimebana pumzi. Manukato yale yalikuwa yamegeuka, Tata. Yalinuka kama siki iliyochanganywa na mafuta ya taa, na sikutaka kupiga chafya mbele ya machozi yako.

Na kuna siri ambayo nyinyi wamama hamkuijua. Mwai aliiogopa sana ile sehemu ya kumchagua bibi arusi. Wasichana watano wamefunikwa leso toka kichwani hadi miguuni, wote wameinama na kukokota miguu kama vikongwe! Kaka yake aliwahi kukosea, na hadi leo anachekwa kila Krismasi. Kwa hiyo mimi na yeye tukapanga. Nilimwambia nitajipaka mafuta yangu ya kila siku, yale ya harufu ya limau. Yeye apite akinusa, kisha asimame kwangu.

Lakini siku hiyo nilinuka siki, na limau lilikuwa kwa Kagwiria! Aliiona chupa yangu dirishani akajipaka hadi magotini. Mwai akaja akinusa kama mbwa wa polisi. Alipofika kwangu akakunja pua, akaruka hatua nzima. Akaenda kumshika mkono Kagwiria kwa furaha kubwa. "Huyu ndiye wangu!" akasema. Leso ikafunuliwa.

Kelele zile unazikumbuka.

"Wooi! Kijana ameoa shemeji!"

"Ati ndiye wako? Wewe unaona vizuri kweli?"

"Mbuzi moja ya faini!"

"Mbili! Moja ya dada, moja ya kutusumbua!"

Na Kagwiria mwenyewe, bila haya: "Shem, mimi si wa bei ya huyo. Rudi nyumbani ukajipange."

Wakati mnacheka, mkanisikia nikivuta kamasi chini ya leso. Mwai akageuka. Kicheko kikamtoka usoni. "Huyu analia," akasema polepole. "Ni yeye. Nani mwingine angelia kwa sababu nimempita?" Aliponifunua, machozi yalikuwa yakishuka meusi hadi kidevuni, na wamama wote wakalegea kama siagi juani. Wewe ulilia kuliko wote. Ulisimama ukasema mama yuko hapa, ndiye anayelia kwa macho ya mwanawe. Najua ulirudi Doldol na neno hilo kifuani, na ndiyo maana kalamu yangu imekuwa nzito.

Tata, yale machozi yalikuwa ya wanja.

Macho yaliniwasha toka uliponipaka. Jioni yalivimba, na kesho yake kope zilishikana kwa usaha hata Mwai akaniita Kathambi wa Kufumba. Harusi yetu ya kanisani ilikuwa Jumamosi iliyofuata, na wewe hukuweza kuja kwa ajili ya homa ya Mjomba. Ulipoiona picha yangu nimevaa miwani nyeusi madhabahuni, ulicheka ukaniuliza kama nimekuwa msanii. Nami nilicheka. Nilichokuwa nacho nyuma ya miwani kilikuwa macho mawili mekundu kama nyanya.

Nilitibiwa, nikapewa dawa ya matone, na sasa naona vizuri kabisa, usiwe na wasiwasi. Mwai ndiye aliyekuwa akinitia dawa kila asubuhi kabla ya kumwagilia miche. Alininyanyua kidevu kwa kidole kimoja, akashikilia pumzi, akadondosha tone kwa uangalifu kama anayepandikiza kikonyo cha parachichi. Kama ndoa huanza hivi, basi niseme ukweli, sikuharakisha kupona.

Aliyenifungua akili ni Beth, dada yake Mwai, mwenye saluni karibu na soko. Nilimwonyesha kipochi akashika kichwa. "Haki ya Mungu, hii wanja ni mkubwa wangu!" Akaniketisha akanifundisha kama mtoto. Vitu vya macho ndivyo huharibika upesi, kwa kuwa kila ukipaka unarudisha uchafu wa jicho ndani. Ile rangi ya majimaji ya kope hata miezi mitatu ni mingi. Rangi ya mdomo mwaka mmoja au miwili, ikitunzwa vizuri. Poda huvumilia zaidi, lakini sponji yake ndiyo adui. Na jicho likiugua, kilicholigusa kitupwe hata kama kilinunuliwa jana. Kumbe vifaa vingi vina kapicha ka kopo lililo wazi kenye namba, na ile namba ni miezi ya kukitumia toka siku ulipokifungua! Nimejipodoa toka niko kidato cha nne bila kukaona. Nilipomuuliza tutajuaje kwa vile vya mama visivyo na picha wala namba, Beth alinicheka. "Mafuta yamejitenga, rangi imegeuka, harufu si ile ya kwanza, unangoja nini? Pua haijasoma, lakini haidanganyi. Si hata bwanako alikuruka?"

Siku hizi Mwai huniandikia tarehe kwenye kila kifuniko ninapofungua kitu kipya, kwa kalamu ileile anayoandikia makopo ya mbegu. Nilimwambia naona uchungu kutupa vitu vya mama. Akasema, "Mbegu alizoniachia babu nilizipanda zote, Kathambi, kwa sababu nilimpenda. Hazikuota hata moja. Mapenzi hayaoteshi mbegu iliyokufa."

Kinachoniuma mimi ni Kagwiria. Mama alipotuacha, mimi nilikuwa nimeanza shule. Nina sauti yake akiniita kutoka shambani. Nina pindo la leso yake likinifuta pua. Kagwiria alikuwa bado ananyonya. Hana chochote, Tata. Ana kipochi hiki tu. Amenipigia simu mara nyingi kuliko anavyompigia Gicheru wake, na kila mara ni neno lilelile: "Usimalize yote, niachie na mimi." Nikimwambia vitu vya mama vimeisha muda, nitakuwa nimemfisha mama mara ya pili. Nikinyamaza, atasimama chini ya leso na macho yanayotoa usaha.

Kwa hiyo nimefanya hivi, nawe ndiwe utakayesema kama nimekosea. Wanja niliutupa, kwa kuwa uligusa jicho lililougua. Sponji ya poda pia, na poda yenyewe ilikuwa imeota ukungu. Manukato niliyamwaga nikaiosha chupa, nzuri vile, ili Kagwiria atie humo harufu ambayo Gicheru anaijua. Asije naye akarukwa! Kioo na kitana nimevisafisha kwa maji moto na sabuni. Hivyo haviozi, na ndani ya kioo kile mama alijiona. Halafu nimeweka wanja mpya, poda mpya, na rangi mpya ya mdomo. Beth alizunguka maduka ya Karatina hadi Nyeri mjini akitafuta rangi ileile ya mama, nyekundu ya kahawa iliyoiva. Ameipata.

Rangi ya mdomo ya mama yenyewe sikuitupa. Iko kwenye zipu ya ndani, nimeifunga kwa kitambaa cheupe. Inanuka nta ya zamani na haifai tena mdomo wa mtu. Lakini nilipoifungua niliona imelika upande mmoja, imelala kama paa la nyumba. Ndivyo mama alivyojipaka. Nikakumbuka kwamba siku yangu hukunipaka nayo moja kwa moja. Ulichota kidogo pembeni kwa ncha ya kidole. Nilidhani ni kubana matumizi. Kumbe ulikuwa ukiulinda ule mteremko, Tata. Miaka hii yote ulikuwa ukiulinda.

Basi nakuomba, siku hiyo mkalishe Kagwiria kwenye kigoda kilekile. Mfungulie kitambaa. Mwache aweke kidole kwenye mteremko ule, umwambie hapa ndipo mdomo wa mama ulipopita. Akae nao apendavyo. Kisha nendeni wawili kando ya kaburi la mama, muizike rangi hiyo pale kwenye maua, anawe mikono, nawe umpambe kwa hivi vipya. Mikono ni ileile. Hiyo haina namba ya miezi.

Na kuhusu machozi, sikumaliza. Ya kwanza yalikuwa ya wanja, nimekwisha kukuambia. Lakini uliposimama ukasema mama analia kwa macho yangu, macho yaliacha kuniwasha kwa muda. Niliendelea kulia. Hayo, Tata, hayakuwa ya wanja. Hayo baki nayo kifuani, hukukosea.

Nisalimie Mjomba Koome, umwambie Mwai anamtunzia miche miwili ya parachichi. Msalimie binamu yangu Kiogora na mkewe, na umbusu mtoto wao kwa niaba yangu, shavuni tu, na kwa mdomo usiopakwa kitu! Mwai na Beth wanakusalimu sana. Mungu akutie nguvu magotini na akufikishe Nkubu salama, ukampambe mwanao wa pili.

Ni mimi wako, nikupendaye kama mama,

Kathambi wa Mwai