Kahawa ya Bibi Laurensia Barabarani

Mabira, Kyerwa
Mwishoni mwa Agosti

Kwako Uwiduhaye, rafiki yangu,

Salamu zangu zikukute umeshiba na umelala vizuri, ingawa nayajua maharage ya bweni. Kile kifua kilichokusumbua tulipoagana kimepona? Hapa kwetu wote tunapumua. Mama anakusalimia, ng'ombe wetu amezaa ndama mwenye paji jeupe, na mimi ni yuleyule: mwalimu akiita jina langu bado nanyoosha kidole badala ya kuitika. Ndiyo maana nakuandikia. Shuleni kwenu simu haziruhusiwi, lakini hata zingeruhusiwa, haya nisingeweza kukuambia kwa mdomo.

Isome barua hii ukiwa peke yako. Na kabla sijafika mbali, shika hili moja: mkifunga shule Septemba, usije Mabira. Panda gari la Kimuli, ulizia kwa mjomba wako Theoneste. Bibi yako Laurensia yuko huko. Ni mzima, yaani anakula. Sababu ni ndefu, nayo inaanzia kwenye gari la baba.

Unalijua lile gari lake dogo la abiria la kwenda Kaisho, na unamjua Mzee Pastory mwenyewe akishika usukani. Hapunguzi mwendo kwa mtu. Penye shimo anapiga honi, penye kona anapiga honi, na abiria wanashuka mbio kama vifaranga waliomwona mwewe. Ni mahali pamoja tu ambapo huondoa mguu kwenye mafuta: kona ya kwenu, pale bibi anapoanika kahawa na mikeka yake inaingia mpaka barabarani. Kukanyaga kahawa ya mtu iliyoanikwa ni kumkanyaga mwenyewe, na hilo hata baba analiogopa. Basi pale hupita polepole kama mtu anayekatiza mbele ya altare, halafu anakanyaga tena.

Mwezi wa saba, ulipokuwa umesharudi shule, gari likaanza kuzima palepale. Likifika kwenye mikeka linatetemeka, linakohoa, kimya. Baba analiwasha, linawaka, na likishashika kasi linakwenda bila kosa mpaka Kaisho. Fundi wa huko alibadilisha plagi, akasafisha chujio la mafuta, akalijaribu kwa kulikimbiza barabara kuu, akasema gari ni zima. Hakusema uongo. Likikimbia lilikuwa zima kweli.

Bibi naye, kwa wema wake, kila likizima alitoka na kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna akawagawia abiria, wapoze roho wakati baba anahangaika na ufunguo. Mwanzoni walishukuru. Halafu Cassian mwenye duka, ambaye husafiri nasi kila asubuhi, akauliza kama utani mbona kahawa huwa imeshaandaliwa kabla gari halijazima. Watu wakacheka. Kesho yake hakuna aliyetafuna. Baadaye wakawa wanaimwaga dirishani mbele ya macho yake, na bibi akidhani imeharibika akawaomba radhi, eti kesho atawachagulia punje nzuri zaidi. Cassian akamjibu asijisumbue, awaachie tu gari mchana wafike sokoni, usiku ataliendesha yeye. Gari zima likacheka, na bibi akacheka nao, kwa sababu hakuelewa. Mimi nilikuwa kiti cha mbele na sare zangu za shule, nikaangalia magoti yangu.

Siku moja ng'ombe walikuwa wanavuka barabara mbali kabisa na kwenu, baba akalazimika kupunguza, gari likazima na pale. Nikajua kwamba shida si kona, shida ni mwendo. Nilifungua mdomo, lakini Cassian alikuwa ameshaniwahi: eti sasa uchawi wa bibi umeota miguu. Mwingine akakumbusha kwamba watu waliovuka mto kutoka Rwanda, kama bibi, walivuka na mizigo yao. Miaka yote hiyo bibi amezika watoto na mume hapa, amelima hapa, anaimba kwaya hapa, na siku hiyo nikasikia akiitwa mtu wa kuja. Baba alikuwa anapoteza abiria, na Jumapili ile mbele ya kanisa alitamka kwa sauti kwamba anayemzimia gari ni Laurensia.

Jumamosi iliyofuata alinituma nioshe gari, akaliacha linanguruma kwa shida, likitetemeka, ili lipate moto. Nilikuwa nimeinama kwenye boneti nikasikia mfyonzo mwembamba nyuma ya injini, kama pombe ya rubisi inapoanza kuchacha kwenye mtungi. Nikatafuta kwa sikio. Kulikuwa na mpira wa hewa, unene wa kidole changu, umepasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Nikaudondoshea maji, mngurumo ukabadilika. Nikabana ule ufa kwa dole gumba, gari likatulia kabisa. Nikaachia, likatetemeka, likazima.

Nikamwita baba. Unajua shida yangu: fizikia tunaisoma kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kinyambo, na baba akikasirika anahamia Kiswahili, kwa hiyo nilikosa lugha ya kumwelezea. Mwishowe nikamwambia kwa Kinyambo kwamba gari linaiba hewa. Hewa ya wizi ni kidogo, likiwa kasi linavuta hewa nyingi na hicho kidogo halikioni, lakini likipoa mwendo hichohicho kidogo kinalishinda mafuta, linakufa. Nikabana, nikaachia, nikabana tena. Baba aliinama akakiangalia kidole changu. Kisha akacheka, akanishika kichwa, akasema kumbe amezaa fundi. Sijawahi kusifiwa vile tangu nizaliwe. Akaniomba nisimwambie mtu, atasema mwenyewe. Nikaamini nimemwokoa bibi, Uwiduhaye. Niliimba nikichota maji.

Alikwenda Kayanga, akarudi na mpira mpya, akaufunga mwenyewe, ule wa zamani akausukumia chini ya kiti. Halafu akawaita majirani uani kwa Cassian. Mimi nilikaa na wanawake nyuma, nikisubiri aseme. Alisema kwamba yeye ni mtu wa haki na hataki kumsingizia mjane. Akapendekeza ampakie bibi mwenyewe kwenye gari na kumpeleka kwa Theoneste, na wote wasimame kwenye kona waone. Likizima, basi ni ubovu wa gari na atamwomba bibi msamaha. Likipita bila kuzima, Mungu atakuwa ameonyesha kwamba kilichokuwa kinalizuia kinaondoka. Wazee wakasema huo ndio uungwana.

Bibi hakuambiwa yote. Aliambiwa gari linajaribiwa ili jina lake lisafishwe, na yeye ndiye mgeni wa heshima. Alivaa kile kitenge cha Pasaka, akakaa mbele, mkoba mapajani. Kabla mlango haujafungwa aliniita akaninong'oneza kwamba nikiona wingu nimwanulie kahawa, atarudi jioni.

Baba alipita kwenye mikeka polepole kuliko siku zote. Injini ililia taratibu kama cherehani. Halikuzima. Watu wakapiga vigelegele, na bibi yako alipovisikia akadhani ameonekana hana hatia. Akatoa mkono dirishani akatupungia sote. Alikuwa anacheka. Cassian akasema kwa sauti tumwangalie mchawi anayeshangilia kufukuzwa kwake. Na hakuna hata mmoja aliyejiuliza imekuwaje gari lisizime na huyo mchawi akiwa amekaa ndani yake.

Kabla baba hajarudi kutoka Kimuli, vijana walikuwa wameshapanda juu ya nyumba yenu kung'oa mabati. Migomba wakaifyeka. Yule mbuzi wako mwenye kengele walimchinja palepale jikoni kwenu, kwa kuni za bibi. Nilisimama kwenye mibuni mpaka moshi ukanifukuza.

Jioni nilimuuliza baba kwa nini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuuliza neno kama hilo. Hakukasirika. Alinieleza kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko, kwamba alishalitamka jina la bibi mbele ya kanisa, na mwanaume hainami kulamba mate yake mbele ya Cassian kwa sababu ya mpira. Akasema pia bibi ni mzee, hana siku nyingi za kuumia. Kisha akanisifu tena kwa macho yangu makali.

Sasa nifike kwenye lile ambalo limenifanya nichane karatasi tatu. Wiki iliyopita, baba akiwa kwenye ibada ya mchana, niliutoa mpira mzima nikaurudisha ule uliopasuka. Nilitaka gari lizime bibi akiwa Kimuli, watu wote waone. Kesho yake liliondoka uani vizuri kwa sababu aliliondosha kwa kasi kama kawaida yake. Lakini mama alisahau kapu, baba akapunguza mwendo langoni kwetu kumsubiri, likazima. Langoni kwetu, Uwiduhaye, abiria wamejaa, Cassian akiwa mbele.

Baba akafungua boneti. Mimi nilikuwa upande wa pili. Akauona mpira, akaniona mimi. Nikamtazama machoni, mimi ambaye hata paka simtazami machoni, na nikajua sasa atasema, maana hana tena pa kukwepea. Akafuta mikono, akafunga boneti taratibu. Akawaambia abiria wake kwamba bibi ana mjukuu, anasoma mbali, na shule zinafungwa mwezi ujao. Cassian akasema ndiyo, vitu vile hurithishwa.

Hivyo sasa wanakusubiri wewe. Nikiufunga mpira mzima, watasema umekoma kwa kuwa umeogopa kuja. Nikiuacha uliopasuka, kila kona litakapozima litataja jina lako. Nilidhani nimejua ugonjwa wa gari, kumbe nimewapa fimbo, na kila ninapotaka kuwanyang'anya wanaishika vizuri zaidi. Mpira mzima nimeufunga ndani ya barua hii. Ukifika Kimuli mpe bibi aushike mkononi, umweleze kwa lugha yenu ulivyo, maana mpaka leo Theoneste anasema bibi huketi mlangoni asubuhi na mkoba mapajani akisubiri gari la kumrudisha. Bado anaamini alishinda.

Sikuombi unisamehe sasa. Soma kwa bidii, jifunike kifua kile, na usimwambie mtu shuleni kwenu unatoka kijiji gani. Wasalimie mjomba na watoto wake. Bibi mwambie shikamoo yangu. Usimwambie habari ya nyumba mpaka awe ameshiba.

Akiuliza kahawa yake, mwambie ukweli kwamba wingu lilikuja na sikuianua, niliogopa kuonekana. Bado iko palepale kwenye mikeka, imekuwa nyeusi na imeanza kuota. Hakuna anayethubutu kuigusa. Na kila asubuhi baba akifika pale, anapiga breki, anapunguza mwendo asiikanyage, na gari linazima.

Ni mimi rafiki yako,
Kokuhirwa Pastory