Somo Ambalo Wifi Hajalifikia

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila paa la jikoni linavuja palepale ulipopaziba.

Acha nikupe habari za mkeo. Kazi ikiisha, anatufundisha Kiingereza sisi wafuaji wa hotelini, mlemle katika chumba cha pasi. Ungemwona ungemvulia kofia. Juzi tulisoma "take off". Wifi akavua aproni, akasema hiyo ni take off. Akanyanyua mkono kama ndege inayopaa, nayo take off. Kisha akabeba mkoba, akatoka mlangoni bila kuaga. "Na huyu pia," akasema aliporudi. Tulicheka mpaka shuka likaungua.

"Neno ni kama mtu," akatuambia. "Uliza kwanza yuko na nani, anafanya nini."

Jana ikawa zamu ya "give up". Mtu akiacha sigara, Wifi akasema, hiyo ni sifa. Akimpisha mjamzito kiti, hiyo ni adabu. Fundi wa mashine akauliza, "Na mke akikata tamaa na mume aliyeondoka, je?"

Wifi akachukua pasi, akanyoosha kola ya shati la mgeni taratibu mpaka ikakaa.

"Hiyo hatujaifikia," akasema.

Kaka, wifi kumsifu wifi si jambo la kila siku, unajua. Mimi namsifu, tena mbele za watu. Ila kitabu anachotufundishia kimebakiza kurasa chache.

Ni mimi mdogo wako, uliyenibandika jina Kasuku.